Siku Niliyokimbia kwa Kaptura

Namtanguliza Mwenyezi Mungu, kisha nawaomba radhi kina mama mtakaosoma haya, kwa sababu nitataja viungo ambavyo watu wa heshima hawavitaji barazani. Nilijaribu kuisimulia habari hii bila kuvitaja, ikawa haieleweki. Basi nitavitaja.

Mimi ni Bakari, mkwezi wa minazi, mzaliwa wa Kaole, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Bagamoyo mjini. Tulipopata uhuru nilikuwa kijana mwenye mapaja magumu na majivuno mengi. Nilikuwa naweza kukwea minazi thelathini kabla ya adhuhuri, na kule juu kabisa, upepo ukinipiga, nilikuwa natoboa dafu langu nanywa peke yangu huku nikiwatazama watu wadogowadogo chini. Nilikuwa nimemwoa Mwanahamisi, msusi wa makuti, na tulikuwa na mtoto mmoja, Zuhura. Sikuwa na habari na ugonjwa wowote. Mtu akisema anaumwa nilidhani ni mvivu.

Kwangu ulianza kwa homa. Nilirudi kutoka shambani natetemeka, nikajifunika mashuka mawili, na kwenye kinena upande wa kulia pametoka mtoki unaouma hata nguo ikigusa. Siku tatu, homa ikaondoka. Baada ya mwezi ikarudi. Iliporudi mara ya nne, iliacha kitu: korodani ya kulia ilikuwa imevimba, na uvimbe ule haukuondoka pamoja na homa.

Sisi wakwezi nazi tunaijua kwa hatua zake. Kwanza kidaka, halafu kitale, halafu dafu, halafu koroma, mwisho nazi yenyewe. Nami uvimbe wangu niliupima kwa hesabu hiyohiyo. Mwaka wa kwanza ulikuwa kidaka, nikasema utapungua. Mwaka wa pili ukawa kitale. Ulipofika dafu niliacha kupima.

Ugonjwa wenyewe kwetu unaitwa busha. Wenye haya husema mshipa, wakainamisha macho. Na kila mtu wa pwani anajua, au anadhani anajua, kwamba busha huletwa na madafu. Nilipokuwa mzima nilikuwa nacheka maneno hayo, maana hakuna aliyekunywa madafu kunishinda. Nilipougua niliyaamini siku ileile. Nikaacha. Kwa miaka saba mkwezi wa Kaole aliwakatia watu madafu, akawatazama wakinywa na kufuta midomo, yeye akaenda kunywa maji ya kisimani. Watu waliponiuliza nilisema dafu linanipa kiungulia. Na uvimbe ukaendelea kukua kama vile haujapata habari.

Kazi ya kukwea ikanishinda. Mkwezi huukumbatia mnazi kwa mapaja, na mapaja yangu yalikuwa hayakutani tena. Siku moja niliteleza nikashuka robo ya mnazi kwa ngozi ya kifua. Baada ya hapo nikawa mtu wa chini: nafua nazi kwa ncha ya kifuo, naanika mbata zikauke, naokota maganda ya makumbi. Nilivaa kanzu pana kila siku, hata kazini, na nikawa natembea taratibu, miguu imetanuka kidogo, kila hatua nimeipima.

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Watu wakaanza kuniheshimu. Wakasema Bakari siku hizi ametulia, ana mwendo wa mtu mwenye adabu, si kama zamani alivyokuwa anarukaruka. Kwenye maulidi wakawa wananisogeza mbele. Vijana wakaniamkia shikamoo kabla ya umri wangu kufika. Nikaipokea heshima ile ya bure, na kadiri walivyoniheshimu ndivyo nilivyozidi kuogopa wasije wakajua inatoka wapi.

Mwanahamisi peke yake alijua. Nilikuwa nimehamia chumba cha uani, nikisingizia joto. Zuhura alikua bila mdogo wake, na wanawake wakaanza kumtazama mke wangu kwa macho ya kuuliza. Hakumwambia mtu. Aliniambia mimi tu, mara nyingi, kwa upole.

"Baba Zuhura, hospitali ipo mjini. Si safari."

"Niende nikamvulie nguo daktari kijana?"

"Utamvulia nani mwingine? Mimi nimeshaona, na siwezi kupasua."

Sikumwambia hofu yangu kubwa. Nilikuwa nimesikia kwamba ukipasuliwa busha, uume wako nao unakwenda na maji. Mtu aliyeniambia hakuwahi kupasuliwa, wala hakumjua aliyepasuliwa, lakini alisema kwa uhakika, nami nikamwamini kuliko mke wangu.

Badala ya hospitali nilikwenda kwa siri kwa mtu mmoja wa kupiga chuku, anayetoa watu damu kwa pembe. Alikuwa na sindano ya kushonea magunia. Aliipitisha motoni, akanichoma, na maji ya rangi ya chai nyepesi yakatoka yakajaa bakuli. Nilirudi nyumbani mwepesi, karibu niimbe. Siku mbili nilikuwa mtu wa furaha. Siku ya tatu ngozi ikawa nyekundu na inang'aa. Siku ya nne ukaanza kutoka usaha, na harufu yake nilishindwa kuificha hata kwa udi. Homa ikanipanda hadi nikawa naongea na marehemu baba yangu, namwambia ashuke, mnazi umeoza.

Mwanahamisi hakuniuliza ruhusa. Asubuhi alikuja na jirani mwenye mkokoteni wa kubebea nazi, wakanilaza juu yake, akanifunika mkeka, akashika upande mmoja akasukuma. Kutoka Kaole hadi mjini, kwenye mchanga, na jua limepanda. Nilikuwa namsikia anahema. Kila tulipopita watu alisalimia vizuri, akajibu vizuri, akasukuma.

Hospitalini palikuwa na benchi limejaa wagonjwa. Muuguzi akauliza, "Anaumwa nini?"

"Homa," nikasema.

"Ana busha," akasema mke wangu, kwa sauti ileile ya kusalimia. "Limechomwa na mtu, limeoza."

Benchi zima likageuka. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na mkokoteni. Nilimchukia Mwanahamisi kwa muda wa kama dakika kumi hivi, na tangu hapo mpaka leo sijamaliza kumshukuru. Muuguzi aliposikia neno lile hakutupanga foleni. Alituingiza ndani moja kwa moja. Ningesema homa, ningepewa vidonge nikarudishwa, na ninyi mnaosoma habari zangu mngekuwa mnasoma za mtu mwingine.

Daktari alikuwa kijana kweli, mfupi, mwenye vidole vyembamba. Alinipima bila kukunja uso, na harufu ile ninaijua mimi.

"Pole sana bwana. Uvimbe ulianza lini?"

"Zamani. Lakini madafu nimeacha, daktari. Miaka saba sijagusa."

Sikumwona akicheka. "Madafu hayana kosa," akasema. "Ni mbu."

"Mbu wananiuma tangu nazaliwa."

"Ndiyo maana."

Akanieleza kwamba mbu anabeba mdudu mwembamba kama uzi, anamtoa kwa mtu mmoja anamtia mwingine, na mdudu yule huziba njia za maji ya mwilini. Alinieleza kuhusu mbu wanaozaliwa vyooni na kwenye mashimo yetu ya kuloweka makumbi. Nilimsikiliza huku nahesabu kichwani: miaka saba, kila siku katikati ya minazi, na sikunywa hata dafu moja. Uchungu ulionipata pale haukuwa wa kidonda.

Kwanza walinitibu usaha. Nilichomwa penisilini asubuhi na jioni hadi nikawa nalala kifudifudi, na dresa wa vidonda akanisafisha kila siku, mtu mzima kunizidi, bila kunung'unika. Kidonda kilipofunga wakaniambia nirudi nyumbani nipate nguvu, kisha nije kupasuliwa. Nilirudi. Ningeweza kutoroka, na niliwaza kutoroka. Usiku wa kuamkia siku yenyewe Mwanahamisi alikunja kanzu yangu na kuiweka tayari kichwani pangu.

Kabla hawajaniingiza chumba cha upasuaji niliuliza lile swali. "Daktari, nitabaki mume?"

"Bwana Bakari, mimi natoa maji. Mengine yako hayanihusu."

Walinichoma sindano ya mgongoni. Miguu ikapotea, nikawa mtu wa nusu. Niliona taa, nikasikia vyuma vinagongana, nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni na daktari akiomba beseni la pili. Vidole vile vyembamba nilivitazama kwenye kivuli ukutani. Vilikuwa vinakwenda na kurudi bila haraka wala kusita, kama vya mwanamke anayemaliza ukingo wa mkeka mzuri. Nimefanya kazi ya mikono maisha yangu yote na ninajua mtu anayeijua kazi yake. Nilimheshimu kijana yule nikiwa chali.

Siku ya pili mke wangu aliniletea dafu. Alilikata mwenyewe, akanishikia. Niliogopa. Maneno ya daktari nilikuwa nimeyakubali kichwani, lakini mkono haukuyakubali. Kisha nikanywa. Lilikuwa tamu hadi nikalia, na mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani nyuzi zimekatika.

Maumivu yalikuwapo, sitadanganya. Wiki mbili nilikuwa sijui nikae vipi. Kukohoa kulikuwa adhabu. Uvimbe wa kidonda ulinitisha nikadhani busha limerudi, dresa akaniambia nivumilie utanywea, na ulinywea. Nyuzi zikatolewa. Nikarudi Kaole, na kwa majirani tukasema nilikuwa na jipu kubwa pajani. Walisema pole. Hakuna aliyeuliza zaidi, na mimi nikaona nimesalimika.

Lakini miguu ilikuwa haijapona. Niliporudi kuonana na daktari baada ya miezi mitatu alinitazama ninavyoingia mlangoni.

"Mbona bado unatembea hivyo? Hakuna kitu hapo."

Alikuwa anasema kweli. Miguu yangu ilikuwa imezoea kumpisha mgeni ambaye ameshaondoka. Nilikuwa nimetanua mapaja, napima hatua, mtu wa adabu yuleyule.

"Jifunze kukimbia," akasema daktari. "Kidogokidogo. Anayekimbia hawezi kutembea kama wewe."

Nilikuwa na miaka thelathini na zaidi, mume wa mtu, na sikuwa nimekimbia tangu Zuhura ananyonya. Nilianza asubuhi baada ya sala ya alfajiri, katikati ya minazi, mahali ambapo hapana nyumba. Siku ya kwanza nilikimbia minazi kumi. Nikashika wa kumi na moja, nikahema, kichomi kimenikamata ubavuni, mate mazito mdomoni. Siku ya pili nikakimbia kumi tena. Nyama za mapaja ziliniuma hadi nikawa nakaa chooni kwa kushikilia ukuta. Wiki ya tatu nilifika minazi hamsini, nikapoteza hesabu kwa furaha. Mwanahamisi alikuja siku moja kutazama, akakaa juu ya gogo.

"Unakimbia kama umebeba trei ya mayai," akasema. "Hayapo, Baba Zuhura. Achia miguu."

Nikaachia.

Mwaka ule balozi wetu wa nyumba kumi, Balozi Mbwana, alipita mlango kwa mlango akitangaza mbio za sikukuu. Alikuwa mtu mnene wa sauti, mwenye kanzu kubwa na koti juu yake, anayependwa na watu. Alisema si mashindano, ni mbio za watu wote, wake kwa waume, wazee wakitaka, kutoka Kaole hadi uwanja wa mpira mjini. Anayechoka atembee. Mwishoni kuna sharubati. Yeye atakuwa amekaa uwanjani na kipaza sauti, akitaja jina la kila atakayefika.

"Nawe Bakari utatusindikiza kwa macho," akaniambia kwa heshima. "Wewe si mtu wa mbio."

Sijui nilipatwa na nini. Nikasema, "Niandike."

Suala likawa nguo. Kanzu haikimbiwi. Mwanahamisi alinishonea kaptura ya khaki, fupi, ya kubana kiasi. Kwetu mtu wa umri wangu hatoki mbele za watu kwa kaptura, na mimi nilikuwa na sababu zangu zaidi ya hiyo. Niliivaa ndani nikajitazama. Mapaja yalikuwa membamba, kovu halionekani, na hapakuwa na chochote cha kuficha. Nilisimama pale muda mrefu. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kusimama hivi.

Asubuhi ya mbio tulikusanyika kama watu mia hivi, vijana wa shule, walimu, makarani, wavuvi, kina mama waliojifunga khanga mbili kiunoni. Watu waliponiona kwa kaptura wakajifanya hawajaona. Mwalimu mmoja akapiga filimbi.

Nilifanya kosa la kila anayeanza. Nilitoka na vijana. Minazi mia ya mwanzo nilikuwa miongoni mwao, upepo masikioni, nikajiona nimerudi kuwa Bakari wa zamani. Kufika kwenye daraja dogo mapafu yakafunga duka. Nikainama, mikono magotini, natema mate, wazee wananipita.

Nyuma yangu akaja Bi Tatu, mwuza vitumbua wa pale kijijini, mwanamke wa mwili hasa, anakimbia hatua ishirini anatembea ishirini, hana haraka na mtu.

"Bwana Bakari, ulikuwa unawahi wapi? Njia yote hii ni yetu."

"Nimekwisha, Bi Tatu."

"Hujaisha. Umepumua vibaya. Haya, twende mpaka mnazi ule uliopinda, halafu tutembee."

Tukaenda mpaka mnazi uliopinda. Tukatembea. Tukaenda mpaka kichuguu. Mama yule alikuwa anatokwa jasho hadi khanga imebadilika rangi, na alikuwa anacheka. Aliniambia tangu aolewe hajakimbia isipokuwa kumfukuza mbuzi kwenye unga wake. Goti lake moja lilikuwa bovu, nililiona anavyolivuta, na hakulitaja hata mara moja. Nimewasifu wengi katika habari hii, lakini sijui kama nimewahi kumwona shujaa mkubwa kuliko Bi Tatu siku ile, kwa sababu yeye hakuwa na daktari aliyemwambia akimbie. Alitaka tu.

Njia iliyobaki miguu yangu ilikuwa inauma pale panapotakiwa kuuma, kwenye vigimbi na mapaja, uchungu safi wa mtu mzima wa afya. Tulipoingia mjini watu walikuwa wamejipanga barabarani. Nikasikia mwanamke anasema, "Huyu si yule Bakari mwenye mwendo wa adabu?" Nikajua heshima yangu ya miaka saba inadondoka barabarani, na sikugeuka kuiokota. Mwanahamisi alikuwa amesimama kwenye kona ya kuingilia uwanjani na Zuhura kando yake. Akanipigia vigelegele, yeye ambaye si mtu wa kupaza sauti.

Tulifika karibu wa mwisho, mimi na Bi Tatu sambamba. Balozi Mbwana alikuwa kwenye kiti chake, kipaza sauti mkononi, na akafurahi kwa dhati kuniona.

"Bakari, nani angedhani," akasema, na uwanja mzima ukasikia. "Mtu aliyekuwa hawezi kuharakisha hata kwenda futarini. Hebu waambie watu, ulikuwa unaumwa nini?"

Akaninyooshea kipaza sauti. Kilikuwa na joto la mkono wake. Jipu lilikuwa tayari ulimini, neno dogo, lingetosha, watu wangepiga makofi na sharubati ingegawiwa. Nikamtafuta Mwanahamisi. Alikuwa ananitazama tu, hakunitikisia kichwa wala kunikataza. Nikakumbuka alivyolisema mbele ya benchi lile akiwa na mchanga miguuni.

"Busha," nikasema. "Nilikuwa na busha miaka saba. Nililificha. Mke wangu ndiye aliyenipeleka hospitali, hapa hapa mjini, nikapasuliwa, nikapona. Halitokani na madafu. Ni mbu."

Kijana mmoja akacheka. Bi Tatu akamgeukia huku bado anahema. "Wewe umefika wa kwanza, na mdomo wako umefika wa mwisho. Nyamaza." Watu wakacheka kicheko kingine, kizuri, na baadhi ya wanaume hawakucheka kabisa. Nikawaona. Walikuwa wanatazama chini, wamevaa kanzu pana.

Balozi Mbwana alipokea kipaza sauti, akaendelea kutaja majina.

Watu walipotawanyika kwenye sharubati aliniita kwa kidole. Alikuwa bado ameketi.

"Nisaidie kusimama."

Nikamshika mkono. Kabla ya kuinuka alikusanya kanzu yake mbele, kwa mkono wa kushoto, kwa namna moja, na akatanua miguu kidogo. Namna ile ninaijua. Nimeifanya miaka saba.

"Iliuma?" akaniuliza, sauti ya chini kabisa.

"Sindano ya mgongoni, kidogo. Na wiki mbili baadaye."

"Na nyumbani? Nyumbani kukoje?"

"Mama Zuhura ana ujauzito wa miezi mitatu, Balozi."

Akanitazama usoni, kisha akatazama uwanja. "Daktari huyo hupasua siku gani?"

"Jumanne."

Namshukuru Mungu aliyenirudishia mwili wangu, na daktari yule na dresa wake, na Bi Tatu. Mwanahamisi sina maneno yanayomtosha. Ninyi wenye ninachokisema, nanyi mnajijua, msimwendee mwenye sindano ya magunia. Fukieni mashimo ya maji, mwagieni mafuta vyooni kama bwana afya anavyosema, laleni ndani ya vyandarua, na madafu kunyweni. Ukiulizwa hospitalini unaumwa nini, taja jina lake. Ukishapona, kimbia, hata minazi kumi.

Balozi Mbwana ameniruhusu nimtaje. Jumanne ile tulitoka Kaole mapema, mimi na yeye, kwa miguu. Aliniomba tupite njia ya nyuma, ya mashambani. Nikamwambia tupite ya mbele, na baada ya kusimama kidogo akakubali. Alitembea taratibu sana, nami nikatembea mwendo wake. Njiani kila mtu alitusalimia na kutuuliza tunakwenda wapi asubuhi yote hii, na mara zote nilinyamaza, kwa sababu Balozi alikuwa anajibu mwenyewe, akilitaja busha kwa jina lake.